Juu ya nini Goma ilimpenda soda mwaka 2013?

Ndugu wasomi, wengi wetu tulikuwa bado watoto wa masomo mwezi wa Julai 2013, wakati watu wa Goma walitoka barabarani kwa hasira juu ya uvumi kwamba Kanali Mamadou Ndala ameitwa Kinshasa. Fikirieni kidogo: raia wanaandamana ili soda asiondolewe! Katika mji ambapo mama akisikia buti usiku anaficha simu kwanza, kisha anaangalia binti zake wako wapi.

Hofu ile ni ya zamani. Force Publique, jeshi la Leopold II, halikuundwa kwa kulinda raia. Lilipita vijijini kuhakikisha mpira wa msituni umetolewa, na askari mwenyewe alichapwa kiboko na wakubwa wake Wazungu. Kupigana lilijua: liliingia Tabora mwaka 1916, likapigana Ethiopia mwaka 1941. Lakini hadi uhuru hapakuwa na ofisa mweusi hata mmoja. Julai 1960 Jenerali Janssens akaandika ubaoni, mbele ya askari, kwamba mbele ya uhuru na nyuma ya uhuru ni sawasawa. Wakaasi.

Mobutu alitoka katika jeshi hilo hilo. Alilisha vizuri walinzi wake, wengine akawaacha wajitafutie. Ndiyo ule msemo ambao bazee wetu wanaujua kwa Lingala: raia ni shamba la askari. Januari 1993 askari walilipwa kwa noti mpya ya zaire milioni 5, wenye maduka wakaikataa, na askari wakapora. Mimi siwatetei. Lakini mtu aliyepewa karatasi isiyonunua hata mkate, halafu ana bunduki mkononi, hesabu yake si ngumu.

Tarehe 20 Novemba 2012 M23 waliingia Goma. Jeshi letu, FARDC, lilikimbia kuelekea Sake na Minova, na huko Minova askari wakabaka wanawake wengi. Kesi ilifanyika. Walioshitakiwa walikuwa 39. Wawili tu ndio walipatikana na kosa la ubakaji. Jeshi ambalo lilituacha liliwageukia mama zetu. Hakuna mtu Goma aliyetarajia kulipenda tena.

Na miezi minane tu nyuma yake, mambo yakageuka. Vita vilirudi pande za Kanyaruchinya na Kibati, karibu sana, milio tuliisikia. Safari hii askari hawakukimbia. Mamadou alionekana mwenyewe kwenye mstari wa mbele, akisema na watu, akipigwa picha na vijana. Wamama wakapeleka maji na chakula. Ni kweli kikosi cha Umoja wa Mataifa cha Tanzania, Afrika Kusini na Malawi kilisaidia sana, lakini jina lililoimbwa mtaani lilikuwa la Mukongomani. Tarehe 30 Oktoba Bunagana ikarudi.

Mimi naona watu hawakupenda uniforme. Walipenda kuona, mara moja katika maisha yao, kwamba bunduki inaangalia upande mwingine.

Tarehe 2 Januari 2014 Mamadou aliuawa karibu na Beni. Goma ililia. Mwezi wa Novemba korti ya kijeshi ikamhukumu kifo ofisa mmoja wa jeshi hilo hilo, na wengi hawakuamini kwamba ukweli wote umesemwa.

Kisha ikaja 30 Agosti 2023. Hapa hapa Goma, askari wa Garde Républicaine waliua raia zaidi ya 40, wafuasi wa kikundi cha dini kilichotaka kuandamana dhidi ya MONUSCO. Kesi ilifanywa hapa mjini mbele ya watu, na tarehe 2 Oktoba kanali mmoja akahukumiwa kifo. Vijana waliofuata kesi ile walikuwa na umri ule ule tuliokuwa nao sisi wakati wa Mamadou. Sisi tulikua na picha yake kwenye simu. Wao walikua na video za miili ikitupwa ndani ya kamio.