Unasuluhisha Mzozo, Unapatanisha Watu

Kesi ya shamba ikifika mahakamani Kisii au Nyamira, naibu msajili anaweza kuipeleka kwa mtu asiye na mamlaka yoyote ya kukata shauri, akae na wahusika kwa siku 60 aone kama wataelewana. Kazi ya mtu huyo Kenya huitwa upatanishi. Vuka mpaka wa Sirari uingie Tanzania, utakuta Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoshughulikia migogoro ya kazini. Huko kazi hiyohiyo ni usuluhishi, na uamuzi ni pale mtu wa tatu anapotoa hukumu inayowabana wote. Mambo yangeishia hapo, lau Tanzania hiyohiyo isingekuwa na Sheria ya Usuluhishi ya mwaka 2020, inayohusu kazi ile ya pili!

Mimi nasimama na Wakenya, na hoja yangu ni ya sarufi tu. Suluhu tuliipata kwa Waarabu, na kitenzi chake hakichagui: unasuluhisha mgomo, unasuluhisha tatizo la maji. Patana ni mtoto wa pata, amebeba ile -ana ya kutendana, kwa hiyo hakuna apatanaye peke yake. Nenda soko la Daraja Mbili mjini Kisii usikilize bei ya mkungu wa ndizi. Mama ametaja 500, mteja 300, kila mmoja anajifanya anaondoka, mwishowe wamepatana. Hakuna aliyewaamulia. Sasa ongeza -isha: mpatanishi ni yule anayewafikisha hapo, lakini wanaopatana ni wao. Shamba halipatanishwi, wala hati ya ardhi.

Wataalamu hugawa kazi hii kwa mitindo. Kuna upatanishi wa kuwezesha, ambapo mpatanishi anauliza na kusikiliza bila kutoa maoni yake. Kuna upatanishi wa tathmini: anapima madai na kuwaambia wahusika, faraghani pengine, jaji angeyaonaje. Robert Bush na Joseph Folger waliandika mwaka 1994 juu ya mtindo wa tatu, unaojali uhusiano wa wagombanao kuliko mkataba watakaotia saini. Nauita upatanishi wa kugeuza uhusiano, na sijaridhika na jina hilo.

Baraza la wazee, ambalo Abagusii huliita etureti, liko wapi hapo? Ndugu wawili wakigombania mstari mmoja wa majani chai, wazee hutembea mpakani, huuliza nani alipanda mti ule wa pembeni, humwita jirani mkongwe kuliko wote, kisha husema neno lao. Hiyo ni tathmini, tena imeonja uamuzi. Tofauti kubwa zaidi iko kwenye maadili ya kazi. Mpatanishi wa mahakama huidhinishwa na Kamati ya Kuidhinisha Wapatanishi, hutunza siri ya kikao, na akiwa na undugu na upande mmoja lazima aseme mapema. Mzee wa kijijini ana undugu na pande zote mbili, na ndiyo maana akaitwa. Asiyemjua mtu pale hafai, ilhali mahakamani anayewajua wote ndiye anayetiliwa shaka. Kwa hiyo naona ni kosa kutafsiri sharti la mpatanishi kama "kutowajua wahusika". Sharti ni kutoegemea upande.

Kifungu cha 159 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinaagiza mahakama ziendeleze njia hizi, zile za jadi zikiwamo, mradi zisivunje haki za msingi. Hapa sarufi inasaidia tena. Kina kaka wakikubaliana mbele ya wazee kwamba dada yao asipate urithi wa baba, wenyewe wamepatana, sawa. Dada je, amepatana na nani?

Halafu kuna Keroka, mji uliokaa mpakani mwa kaunti za Kisii na Nyamira, ambazo zimevutana kwa miaka juu yake na ushuru wake. Mwandishi wa habari akisema kamati "inasuluhisha mzozo wa Keroka" hajakosea Kiswahili. Akitaka kuandika "inapatanisha", itambidi ataje ni nani: magavana, watoza ushuru, au mama mwenye meza ya nyanya katikati yao?