Bwana nyama

Bwana nyama ni jina la mazoea la ofisa au askari wa wanyamapori anayefanya kazi vijijini, hasa nchini Tanzania. Kwa jina rasmi ni ofisa wanyamapori wa wilaya, askari wa wanyamapori au, siku hizi, askari uhifadhi, kutegemea mwajiri wake na kipindi kinachozungumziwa. Anatofautiana na askari wa hifadhi ya taifa kwa jambo moja kubwa: hifadhi ya taifa haina makazi ya watu, lakini eneo la kazi la bwana nyama ndilo hasa mahali ambapo watu, mazao, mifugo na wanyama wa porini wanaishi pamoja. Kwa sababu hiyo ana kazi mbili zinazovutana. Anawalinda wanyama dhidi ya watu, na anawalinda watu dhidi ya wanyama, na mara nyingi watu wenyewe ni walewale.

Jina

Jina limeundwa kama bwana shamba na bwana afya: mtumishi wa serikali aliyeletwa wilayani, likifuatiwa na jambo analolishughulikia. Neno "nyama" hapa limebaki na maana yake ya zamani ya mnyama, si kitoweo, ingawa vijijini utani juu ya maana hizo mbili haukosekani. Constantine Ionides (1901–1968), aliyekuwa bwana nyama katika eneo la Liwale, alijulikana zaidi kwa jina la Bwana Nyoka, kwa kuwa alikamata nyoka hai kwa maelfu na kuwapeleka katika makumbusho na bustani za wanyama.

Historia

Kabla ya ukoloni uwindaji ulisimamiwa na mila za kila jamii: nani awinde, wapi, na sehemu gani ya mnyama iende kwa mkuu wa eneo. Sheria ya kwanza ya jumla ya serikali kuhusu wanyamapori ilitolewa mwaka 1896 na gavana Mjerumani Hermann von Wissmann. Ilidai vibali vya kuwinda na kutenga mapori ya akiba ya kwanza, likiwemo lile la bonde la Rufiji ambalo baadaye liliingizwa katika Pori la Akiba la Selous. Kuanzia hapo mtu aliyetega swala kama baba yake alivyotega aliweza kushtakiwa. Uadui unaomkabili bwana nyama hadi leo una mzizi wake hapo, na haueleweki vizuri bila kuikumbuka sheria hiyo.

Waingereza walipochukua Tanganyika waliunda idara ya wanyamapori na kutunga sheria mpya mwaka 1921. Mkuu wa kwanza wa idara alikuwa Charles Swynnerton, mtaalamu wa wadudu anayekumbukwa zaidi kwa utafiti wa mbung'o. Alikufa katika ajali ya ndege mwaka 1938. Kwa miaka mingi kazi kubwa ya idara katika mikoa ya kusini ilikuwa kuua tembo waliokula mazao, na maelfu waliuawa. Vitabu vya wakati huo huwataja zaidi mabwana nyama wa Kizungu, kama George Rushby aliyeongoza msako wa simba waliokula watu huko Njombe miaka ya 1940. Lakini waliofuata nyayo na kukesha mashambani, na mara nyingi waliopiga risasi pia, walikuwa askari Waafrika ambao majina yao hayakuandikwa kwa wingi.

Mwezi Septemba 1961, miezi michache kabla ya uhuru, Julius Nyerere alitoa tamko linalojulikana kama Azimio la Arusha la wanyamapori (lisichanganywe na Azimio la Arusha la 1967), akiahidi kwamba nchi itawatunza wanyama hao na kuomba msaada wa wataalamu. Chuo cha Mweka, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, kilianzishwa mwaka 1963 kufundisha maofisa kutoka nchi mbalimbali za Afrika. Chuo cha Pasiansi jijini Mwanza kilifuata mwaka 1966, na ndicho kinachotoa askari wengi wa ngazi ya chini. Sheria ya wanyamapori ya 1974 ilikuja kufutwa na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009. Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania (TAWA) iliundwa mwaka 2014 na kuanza kazi 2016, ikichukua mapori ya akiba na sehemu kubwa ya kazi za doria zilizokuwa za idara. Halmashauri za wilaya zimebaki na maofisa wao, kwa kawaida wachache mno kwa ukubwa wa wilaya.

Kuwalinda watu

Mwananchi wa kawaida humwita bwana nyama kwa sababu moja: kuna mnyama shambani. Tembo huingia usiku, mahindi yanapokaribia kukomaa, na familia moja ya tembo inaweza kumaliza chakula cha mwaka mzima cha kaya kabla ya alfajiri. Kwa kuwa sheria inawahesabu wanyamapori wote kuwa mali ya umma chini ya udhamini wa Rais, mkulima hana ruhusa ya kumuua tembo kwa sababu tu amekula mahindi yake. Hupiga simu. Mtendaji wa kijiji humpigia ofisa, na ofisa huangalia kama gari lina mafuta.

Kumpiga tembo risasi ni hatua ya mwisho, na ina dosari: tembo aliyejeruhiwa ni hatari kuliko aliyeshiba, na kundi lililopoteza mmoja wake huweza kurudi msimu unaofuata. Njia nyingine zimeenea tangu miaka ya 2000. Mojawapo ni uzio wa kamba na vitambaa vilivyolowekwa katika oili chafu iliyochanganywa na pilipili. Nyingine ni kuchoma matofali ya kinyesi cha tembo na pilipili ili moshi uelekee njia wanayopita. Katika baadhi ya vijiji vya kaskazini mwa Tanzania walinzi wa mashamba hufuata hatua kwa hatua: kwanza tochi kali, kisha honi, kisha kondomu iliyojazwa unga wa pilipili na mchanga na kulipuliwa kwa fataki, na mwisho fataki kubwa ya kurusha hewani. Uzio wa mizinga ya nyuki, uliobuniwa nchini Kenya na mtafiti Lucy King baada ya kuthibitika kwamba tembo huwaogopa nyuki, una faida ya ziada ya asali. Hakuna hata moja kati ya njia hizi inayofanya kazi peke yake kwa muda mrefu, kwa maana tembo hujifunza, na kama hakuna mtu wa kukesha, uzio ni kamba tu.

Simba ni habari nyingine. Utafiti wa Craig Packer na wenzake, uliochapishwa mwaka 2005, ulionyesha kwamba kati ya 1990 na 2004 simba waliua watu wasiopungua 563 nchini Tanzania na kujeruhi zaidi ya 300, wengi wao katika mikoa ya kusini-mashariki. Chanzo kikuu kilikuwa nguruwe pori. Nguruwe huingia mashambani wakati wa mavuno, simba huwafuata, na mkulima analala shambani, kwenye dungu au kibanda cha makuti, akiwalinda nguruwe wasile mpunga. Hivyo hatari ya simba huwa kubwa zaidi katika miezi ileile ambayo mkulima hawezi kuacha shamba. Huko Rufiji simba mmoja alihusishwa na vifo vya watu wapatao 35 katika vijiji kadhaa kuanzia mwaka 2002, mpaka alipouawa na askari wa wanyamapori mwezi Aprili 2004. Alikutwa na jipu kubwa chini ya jino la nyuma. Packer na wenzake walipendekeza kwamba kupunguza nguruwe kungeokoa watu wengi kuliko kuwinda simba, na kwa mazingira ya Rufiji na Lindi hoja hiyo ni vigumu kuipinga.

Malipo kwa waathirika huitwa kifuta jasho kwa mazao na mifugo, na kifuta machozi kwa mtu aliyeumia au kufa. Majina hayo yalichaguliwa kwa makusudi: serikali haikubali kwamba inalipa fidia. Kanuni za mwaka 2011 ziliweka shilingi 1,000,000 kwa kifo, na kwa mazao kati ya shilingi 25,000 na 100,000 kwa ekari kulingana na umbali wa shamba kutoka mpaka wa hifadhi, bila kuzidi ekari tano. Nchini Kenya sheria ya 2013 iliweka shilingi milioni 5 za Kenya kwa kifo, ingawa huko pia malalamiko ya kuchelewa kwa malipo ni mengi. Anayekuja kupima shamba lililoliwa ni bwana nyama, na ndiye anayesikia lawama malipo yasipofika.

Kuwalinda wanyama

Upande wa pili wa kazi ni doria, na sehemu kubwa ya doria ni kutembea. Askari husoma nyayo, kinyesi, majani yaliyolala na alama za baiskeli. Hutafuta mitego ya nyaya iliyofungwa kwenye vichaka kandokando ya njia za kwenda majini. Waya hupatikana kokote, kwenye uzio wa zamani au kwenye tairi iliyochomwa, na hauchagui: umetegwa kwa ajili ya nyumbu lakini humnasa hata simba au tembo mdogo. Doria peke yake hukamata wachache. Kesi kubwa huanza kwa taarifa ya mtu wa kijijini, na mtu huyo hawezi kumwambia kitu askari asiyemwamini.

Ujangili una ngazi mbili ambazo haifai kuchanganywa. Upo ule wa kitoweo, wa wanaume wa kijiji wenye mitego, mikuki au gobore, ambao huuza nyama iliyokaushwa. Upo pia wa biashara ya pembe, wenye silaha za kivita na wafadhili mijini. Huu wa pili ndio uliopunguza tembo wa Tanzania kutoka wapatao 109,000 mwaka 2009 hadi takriban 43,000 mwaka 2014. Sheria, hata hivyo, inaihesabu nyama nayo kuwa nyara ya serikali, na kupatikana na nyara bila kibali kunaweza kuleta kifungo cha miaka 20 hadi 30. Mwaka 2020 serikali ilitoa kanuni za kuruhusu mabucha ya nyamapori ili wananchi wapate nyama hiyo kihalali.

Kesi nyingi hushindwa baada ya kukamata, si kabla. Ofisa hutakiwa kuitambua nyara, kuandika hati ya thamani yake, na kuonyesha mahakamani ilipita mikono ya nani tangu porini. Nyama huoza, hivyo lazima hakimu atoe kibali cha kuiteketeza kabla ya kesi kusikilizwa. Mahakama ya Rufani imesisitiza mara kadhaa kwamba mtuhumiwa awepo mbele ya hakimu wakati huo na apewe nafasi ya kusema. Pale alipoachwa mahabusu na karatasi ikapelekwa peke yake, watu waliokuwa wamefungwa miaka 20 wameachiwa huru. Somo hili la ushahidi sasa linatiliwa mkazo katika mafunzo.

Operesheni na hatari

Serikali imetumia pia operesheni za pamoja na polisi na jeshi. Operesheni Uhai ya 1989, mwaka uleule biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu ilipopigwa marufuku, inatajwa kuwa ilifanikiwa. Operesheni Tokomeza, iliyoanza Oktoba 2013, ilisimamishwa baada ya majuma machache kutokana na taarifa za mateso, vifo vya raia na mifugo iliyouawa. Mwezi Desemba mwaka huo mawaziri wanne walipoteza nyadhifa zao. Madhara yake kwa bwana nyama yalikuwa ya muda mrefu zaidi. Vikosi viliondoka, yeye akabaki kijijini na watu walionyamaza.

Kazi yenyewe ni ya hatari. Januari 2016 rubani Mwingereza Roger Gower aliuawa kwa risasi za majangili akiwa ndani ya helikopta katika Pori la Akiba la Maswa, na Agosti 2017 Wayne Lotter, ambaye shirika lake lilisaidia mafunzo ya askari wa vijiji, aliuawa jijini Dar es Salaam. Majina ya askari wa kawaida waliouawa na majangili, nyati au tembo hayaenei hivyo katika magazeti ya dunia. Tarehe 31 Julai huadhimishwa kila mwaka kwa kumbukumbu yao.

Askari wa vijiji

Tangu kanuni za mwaka 2002 vijiji vinaweza kutenga ardhi na kuunda Jumuiya ya Hifadhi ya Wanyamapori, kupata sehemu ya mapato ya utalii na uwindaji, na kuajiri askari wao. Mfano ni MBOMIPA mkoani Iringa, kifupisho cha Matumizi Bora ya Malihai Idodi na Pawaga. Askari hawa husomea zaidi katika kituo cha Likuyu Sekamaganga, wilayani Namtumbo. Wanajua vichaka na wanajua nani hutega. Wengine waliwahi kuwa wawindaji wenyewe. Udhaifu wao ni mshahara, ambao hutegemea watalii. Janga la UVIKO-19 lilipowazuia wageni mwaka 2020, mapato ya jumuiya yalianguka, na doria za askari wa vijiji zikakosa fedha wakati tembo wakiendelea kuingia mashambani kama kawaida.