Kumchagua mwongozaji: funzo la filamu ya Superman (1978)

Filamu ya shujaa mwenye nguvu zipitazo za binadamu hutegemea sana hila za picha. Kwa hiyo wengi hudhani kwamba anayefaa kuiongoza ni fundi wa hila hizo. Katika makala haya mafupi tunakusudia kuonyesha, kwa mfano mmoja wa kihistoria, kwamba dhana hiyo haitoshi.

Mwaka 1974 watayarishaji Alexander Salkind na mwanawe Ilya walipata haki ya kumtoa Superman katika vitabu vya katuni na kumpeleka kwenye sinema. Jina la Steven Spielberg, kijana bado, lilitajwa. Lakini mzee Salkind alitaka kwanza kuona filamu yake ya papa, Jaws, itapokewaje. Ilipotoka mwaka 1975 ilifanikiwa mno, na nafasi ikapotea. Akachaguliwa Guy Hamilton, aliyekwisha kuongoza filamu nne za James Bond. Matayarisho yalianza Italia. Hata hivyo Marlon Brando, ambaye angekuwa baba wa shujaa, hakuweza kwenda huko kwa sababu ya kesi ya filamu Last Tango in Paris. Kazi ikahamia Uingereza, na huko Hamilton, kwa ajili ya kodi, hakuweza kukaa siku nyingi. Akajiondoa.

Ndipo alipoitwa Richard Donner, Mmarekani aliyekomaa katika televisheni, ambaye mwaka 1976 alikuwa ametoa The Omen. Hakuwa bingwa wa mitambo. Alipousoma mswada aliona unamfanyia shujaa mzaha, akamwita Tom Mankiewicz auandike upya. Kanuni yake ilikuwa moja: kisa kiwe na sura ya ukweli. Mitambo aliwaachia wenyewe. Zoran Perisic alibuni njia ya kuunganisha lenzi ya kamera na ile ya projekta, zikivuta picha kwa pamoja, hata mwigizaji aliyening'inia mahali pamoja akaonekana akija kwa kasi. Lakini aliyemfanya mtazamaji asadiki ni Christopher Reeve, ambaye wakati huo hakuwa na jina kubwa. Filamu ilitoka Desemba 1978, nazo hila zake zikapewa tuzo maalumu ya Oscar.

Je, watayarishaji walijifunza? Donner alikuwa amekwisha kupiga sehemu kubwa ya Superman II, lakini ugomvi juu ya gharama na ratiba ulikuwa mkali. Mwaka 1979 walimwondoa, wakamweka Richard Lester, ambaye alipiga upya sehemu nyingi na kuingiza kichekesho zaidi. Wahenga walisema: manahodha wengi, chombo huenda mrama. Chombo hiki hakikuzama, maana filamu hiyo ilipata watazamaji wengi. Lakini ilibaki na sauti mbili. Mwaka 2006 toleo la Donner lilipotolewa, kila mtu aliweza kuzilinganisha.

Lugha yetu yenyewe inatusaidia hapa. Kitenzi ongoza ni jamaa ya ongoka, yaani kunyooka, kufuata njia iliyo sawa. Mwongozaji, basi, si lazima awe mjuzi wa kila chombo. Ni yule anayejua kisa kinaelekea wapi, na kuwanyoosha mafundi wote kuelekea huko. Anayemchagua aulize kwanza: huyu anamsadiki shujaa wake? Asiposadiki yeye, mtazamaji atasadikije?