Kutoka kipande cha shingoni hadi Huduma Namba

Mwaka 1920, mwanamume Mwafrika nchini Kenya hakuweza kutoka katika rizavu ya kabila lake kwenda kutafuta kazi kwa masetla bila kuning'iniza shingoni kijikopo cha bati. Ndani ya kijikopo hicho mlikuwa na karatasi iliyokunjwa, yenye jina lake, kabila lake, alama za vidole vyake, jina la mwajiri, siku aliyoandikwa kazi, mshahara wake na siku aliyoruhusiwa kuondoka. Ruhusa ya kuondoka ilikuwa sahihi ya mwajiri. Pasipo sahihi hiyo, mfanyakazi hakuwa na pa kwenda. Akitoroka, nambari yake ilipelekwa Nairobi, kwenye afisi iliyohifadhi alama za vidole, naye akasakwa hadi kwao. Mwajiri aliyefuata pia aliusoma mshahara ulioandikwa pale, kwa hiyo ilikuwa vigumu kumdai zaidi.

Hicho ndicho kipande. Sheria iliyokizaa ilipitishwa mwaka 1915, Vita vya Kwanza vya Dunia vikaichelewesha, na utekelezaji ukaanza vita vilipokwisha. Kufikia 1928, wanaume zaidi ya laki sita walikuwa wamesajiliwa. Kila Mwafrika mwanamume aliyeonekana kufikia umri wa miaka 16 alipaswa kuwa nacho, na aliyekutwa bila alitozwa faini au kufungwa. Hakuna aliyeulizwa kama anakubali. Hakuna aliyeambiwa taarifa zake zitakaa wapi, nani atazisoma na kwa muda gani. Masetla walitaka vibarua wasitoroke mashamba yenye ujira duni, na serikali ikawatengenezea chombo cha kuwashikia. Siku hizi tunazungumzia hifadhidata na bayometriki kama mambo yaliyokuja na kompyuta, ilhali Mkenya aliwekwa kwenye mafaili kwa vidole vyake takriban miaka mia moja iliyopita, kazi yote ikifanywa na makarani na wino.

Waliovaa kijikopo hicho hawakunyamaza. Harry Thuku alikuwa mpokeaji simu katika idara ya hazina ya serikali mjini Nairobi. Mwaka 1921, masetla walipokubaliana kupunguza mishahara ya Waafrika kwa thuluthi moja huku kodi ikipanda, Thuku na wenzake waliunda chama kilichotaja kipande miongoni mwa dhuluma za kwanza. Alifutwa kazi, na tarehe 14 Machi 1922 akakamatwa. Siku mbili baadaye umati ulikusanyika nje ya kituo cha polisi ukidai aachiliwe. Polisi walifyatua risasi. Serikali ilikiri vifo vya watu 21, ingawa wengine walisema idadi ilikuwa kubwa zaidi. Mary Muthoni Nyanjiru, aliyewashutumu wanaume kwa kusitasita na kuwaongoza wanawake mbele, alikuwa miongoni mwa waliouawa. Thuku alipelekwa uhamishoni Kismayu. Kipande kilibaki kwa robo karne nyingine.

Kilipoondolewa, kilifuatiwa na kisa ambacho hakisimuliwi vya kutosha. Sheria ya Usajili wa Watu ya 1947 ilitaka watu wa rangi zote wasajiliwe kwa namna moja, alama za vidole zikiwemo. Masetla walikuja juu. Kutia vidole kwenye wino, walisema, ni jambo la wahalifu, na serikali haina haki ya kumfanyia hivyo raia mwaminifu. Malalamiko yao yalisikika upesi. Iliundwa tume ya uchunguzi chini ya Sir Bertrand Glancy, na ripoti yake ya 1950 ikapendekeza kwamba mtu anayeweza kujaza fomu na kutia sahihi kwa Kiingereza, na kuleta picha zake, asilazimishwe kutoa alama za vidole.

Ninalitazama tukio hilo kama ushahidi mzito kuliko hotuba yoyote ya kupinga ukoloni. Watu waliowawekea wengine wino vidoleni kwa miaka thelathini walijua barabara maana ya jambo hilo siku lilipowageukia. Walijua kwamba mwenye taarifa za mwili wako ana mamlaka juu yako. Waafrika walikuwa wamesema hayo hayo tangu siku za Thuku, na jibu walilopewa lilikuwa risasi.

Miaka michache baadaye, wakati wa Hali ya Hatari, Wakikuyu, Waembu na Wameru walipewa pasi maalum ya kutembea. Aprili 1954 Nairobi ilizingirwa katika Operesheni Anvil, na maelfu ya watu wakapitishwa mbele ya wasaliti waliofunikwa nyuso kwa magunia ili watambuliwe. Karatasi iliamua nani arudi nyumbani na nani apelekwe kizuizini.

Uhuru ulipokuja, masjala ile ilibaki na kazi ya karani ikaendelea. Wanawake hawakusajiliwa hadi mwishoni mwa miaka ya 1970. Kitambulisho cha taifa kikawa ufunguo wa kila kitu: kupiga kura, kufungua akaunti ya benki, kuajiriwa, hata kuingia katika jumba la afisi mjini. Asiyekuwa nacho hakuhesabika, na kukosa hakukutokana na uzembe kila mara. Novemba 1989 serikali iliamuru Wakenya wenye asili ya Kisomali wapigwe msasa, na waliopita wakapewa kadi ya ziada ya rangi ya waridi, wao peke yao katika nchi nzima. Wanubi wa Kibera, wajukuu wa askari ambao Waingereza waliwaleta kutoka Sudan, waliendelea kupelekwa mbele ya kamati za msasa wakidaiwa hati za wazazi na za mababu, huku jirani wa kabila jingine akimaliza shughuli yake kwa barua ya chifu. Rais William Ruto alitangaza kukomeshwa kwa msasa huo Februari 2025. Baadhi ya vijana wa jamii hizo walikuwa wamesubiri vitambulisho kwa miaka mingi.

Katiba ya 2010 ilileta jambo jipya kabisa. Kifungu cha 31 kinampa kila mtu haki ya faragha, ikiwemo haki ya kutodaiwa habari za familia yake au mambo yake binafsi bila sababu ya lazima. Lakini sheria ya kuipa haki hiyo meno haikuja. Rasimu ziliandikwa, zikazungushwa, zikalala kwa miaka tisa.

Katika miaka hiyo tisa Mkenya aligeuka kuwa data tupu. Laini ya simu ilihitaji nambari ya kitambulisho. M-Pesa, iliyoanza 2007, ilibeba jina lake kamili hadi kwa muuza mboga. Programu za mikopo zilisoma orodha ya watu walio kwenye simu yake, na akichelewa kulipa, zikampigia mama mkwe. Na langoni mwa kila jumba la Nairobi palikuwa na bawabu mwenye daftari kubwa na kalamu iliyofungwa kwa uzi: andika jina, nambari ya kitambulisho, nambari ya simu, unamwona nani, saa ngapi. Ukiandika, unaona ya wote waliokutangulia ukurasa huo. Anayekufuata ataona yako. Daftari likijaa huwekwa pembeni, na hakuna anayejua huishia wapi. Nina hakika msomaji ameandika kwenye daftari hilo mara nyingi pasipo kuuliza. Hata mimi huandika.

Ndipo ikaja Huduma Namba. Mwishoni mwa 2018, Bunge lilipitisha mswada wa marekebisho madogo madogo ya sheria mbalimbali, na ndani yake mkapachikwa kifungu kilichoanzisha mfumo wa kitaifa wa kuunganisha taarifa za kila mkazi wa Kenya. Orodha ya mambo ambayo serikali ilijipa ruhusa ya kuyachukua inashtua hadi leo: alama za vidole, umbo la mkono, umbo la ndewe ya sikio, mboni ya jicho, mawimbi ya sauti, DNA, na mahali nyumba yako ilipo kwa vipimo vya setilaiti. Jambo zito namna hiyo halikuletewa mswada wake lenyewe. Na sheria ya kulinda data haikuwepo.

Jumuiya ya Wanubi kupitia Nubian Rights Forum, pamoja na mashirika ya haki za binadamu, ilikwenda mahakamani. Hilo halikuwa ajabu, kwa maana Mnubi alishajifunza kile ambacho masjala inaweza kumfanyia mtu. Aprili 2019, usajili ulipokuwa ukianza, Mahakama Kuu iliruhusu uendelee lakini ikazuia kuulazimisha na kuchukua DNA. Hata hivyo machifu walihubiri kwamba asiyejisajili atakosa huduma, na foleni zikajaa. Watu zaidi ya milioni 36 walisajiliwa kabla ya shughuli kufungwa mwezi Mei.

Sheria ya Ulinzi wa Data ilitiwa sahihi tarehe 8 Novemba 2019, takriban miezi sita baada ya data kuchukuliwa. Tarehe 30 Januari 2020, majaji Pauline Nyamweya, Mumbi Ngugi na Weldon Korir walifuta vipengele vya DNA na vipimo vya setilaiti, na wakasema mfumo hauwezi kuendelea mpaka kuwe na kanuni kamili za kuusimamia. Serikali ilichapisha kanuni na ikaanza kutoa kadi. Shirika la Katiba Institute nalo likaenda mahakamani, na tarehe 14 Oktoba 2021 Jaji Jairus Ngaah akabatilisha utoaji huo, kwa sababu tathmini ya athari kwa faragha inayotakiwa na sheria haikufanywa. Serikali ilikuwa imejitetea kwamba data ilichukuliwa kabla ya sheria kuwepo, kwa hiyo sheria haiihusu. Jaji alikataa: haki ya faragha ilikuwepo tangu 2010, na sheria ilikuja kuilinda haki hiyo.

Nadhani uamuzi huo unastahili kufundishwa shuleni. Tangu 1915 utaratibu wa serikali zetu ulikuwa kuchukua kwanza na kueleza baadaye, au kutoeleza kabisa. Mahakama iliiambia dola kwamba hatua ya kwanza ni sheria na kinga, na vidole baadaye.

Utaratibu wa zamani bado haujafa. Kati ya Julai na Agosti 2023 vijana walipanga foleni ndefu katika jumba la KICC ili mtambo wa Worldcoin upige picha ya mboni za macho yao, kwa malipo ya sarafu za kidijitali zenye thamani ya takriban Sh7,000. Zaidi ya Wakenya 350,000 walipimwa kabla ya serikali kusimamisha shughuli hiyo. Mei 2025, Mahakama Kuu iliamuru data hiyo ifutwe. Maisha Namba, mrithi wa Huduma Namba, nayo ilisimamishwa na mahakama Desemba 2023 na kuruhusiwa tena Februari 2024. Siwalaumu vijana wa KICC. Njaa haimpi mtu nafasi ya kusoma masharti, na hiyo ndiyo sababu mlinzi wa data anahitajika.

Mlinzi huyo yupo. Immaculate Kassait aliapishwa Novemba 2020 kuwa Kamishna wa Data wa kwanza. Mwaka 2021, Wakenya walipogundua kwamba wameandikishwa vyama vya kisiasa bila kujua, mamia walimpelekea malalamiko. Septemba 2023 afisi yake iliitoza shule moja ya Uthiru zaidi ya Sh4.5 milioni kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Mzazi, mpangaji, mteja wa programu ya mikopo, kila mmoja ana haki kisheria ya kuuliza data yake itatumiwaje, kuiona, kuisahihisha, na kudai ifutwe ikiwa ni ya uongo au ya kupotosha. Malalamiko yakishafika kwa Kamishna, sheria inataka uchunguzi uwe umekamilika ndani ya siku 90. Basi ukiombwa kitambulisho, uliza sababu, na usipojibiwa, lalamika.