Uhuru ulivyogeuka Uhura

Jamani, hivi mnajua kwamba neno letu "uhuru" lilishafika karne ya 23? Kila anayeifahamu tamthilia ya Star Trek anamkumbuka Luteni Uhura, yule dada mweusi mwenye gauni jekundu na kidude sikioni, anayepokea mawasiliano ya chombo cha anga cha Enterprise. Wengi wetu tukisikia jina lake tunacheka tu: Wamarekani wameshindwa hata kuandika uhuru! Lakini ukifuatilia tamthilia yenyewe ilivyotengenezwa, utakuta jina hilo lilipenya kwenye tundu la sindano.

Tuanze na mwaka 1964. Gene Roddenberry alikuwa amerusha ndege za kivita katika Vita Kuu ya Pili, akawa polisi Los Angeles, kisha akageukia kuandika michezo ya televisheni. Mwaka huo akaingia na wazo lake katika kampuni ya Desilu, iliyokuwa mali ya mchekeshaji maarufu Lucille Ball. Televisheni ya CBS ikamsikiliza na kumkatalia. NBC ndiyo iliyokubali itengenezwe sehemu moja ya majaribio, iliyoitwa "The Cage". Upigaji picha ulianza Novemba 1964.

Humo nahodha aliitwa Pike, akichezwa na Jeffrey Hunter. Spock, yule mwenye masikio ya ncha, alikuwemo. Naibu wa nahodha alikuwa mwanamke, akichezwa na Majel Barrett. Uhura hakuwepo kabisa.

Mapema 1965 NBC wakaitazama kazi hiyo na kuikataa. Wakasema inamfikirisha mno mtazamaji. Kwa kawaida mambo huishia hapo, wazo likazikwa na watu wakatafuta kazi nyingine. Safari hii NBC wakafanya jambo la nadra: wakaagiza sehemu ya pili ya majaribio. Hunter akagoma kurudi, nafasi ya nahodha akapewa William Shatner. Naibu wa kike akaondolewa.

Hapa wasimuliaji wanagongana. Roddenberry alikuwa akieleza kwamba NBC hawakutaka mwanamke mwenye madaraka makubwa vile. Herb Solow, aliyekuwa mmoja wa wakubwa wa Desilu, aliandika baadaye kwamba tatizo halikuwa mwanamke, bali mwigizaji mwenyewe, aliyekuwa mpenzi wa Roddenberry. Mwandishi wa habari yeyote anajua kwamba mtu akisimulia kushindwa kwake, hujitafutia sababu yenye heshima. Vyovyote iwavyo, kiti cha yule mwanamke kikabaki kitupu.

Fedha nazo zilikuwa kero. Wakubwa wa Desilu waliona tamthilia hii itaifilisi kampuni. Lucille Ball ndiye aliyesimama kidete kazi iendelee. Yaani ndani ya hadithi mwanamke ameshushwa cheo, na nje ya hadithi mwanamke ndiye anayeiokoa.

Sehemu ya pili ilipigwa picha Julai 1965, na safari hii NBC wakakubali. Ni baada ya hapo, mwaka 1966, ndipo alipoingia Nichelle Nichols, mwimbaji aliyewahi kuimba na bendi ya Duke Ellington. Kwa simulizi yake, siku ya usaili alikuwa na riwaya mkononi iitwayo "Uhuru", ya Mmarekani Robert Ruark, iliyotoka mwaka 1962 na kuihusu Kenya iliyokuwa ikielekea kujitawala. Roddenberry akalipenda neno, ila likaonekana gumu kidogo. Wakabadilisha herufi ya mwisho, likawa Uhura, eti lilainike kidogo.

Sisi tunajua Kiswahili hakina habari hizo. Juma jina lake linaishia na "a", na ni mwanamume tena mwenye ndevu!

Alhamisi ya Septemba 8, 1966, NBC wakarusha sehemu ya kwanza, "The Man Trap". Humo kuna kiumbe kinachofyonza chumvi ya miili ya watu. Kinamwona Uhura ni mpweke, kinajigeuza kijana mweusi mtanashati na kumsemesha kwa Kiswahili. Basi Kiswahili kiliingia Star Trek siku ileile ya kwanza, na aliyekitumia kumtongozea dada wa watu alikuwa zimwi!

Kazi yenyewe haikuwa tamu. Nichols alisimulia kwamba alilipwa kwa siku kama kibarua, na kwamba maneno yake yalikuwa yakikatwakatwa. Mwaka 1967 aliamua kuacha. Kwa maelezo yake, aliyemzuia alikuwa Martin Luther King, waliyekutana kwenye hafla moja. King alimwambia kwamba watu weusi hatimaye wanaonekana kama watu wenye akili na kazi ya maana, na akiondoka mlango huo utafungwa. Akabaki.

Mwaka 1977 NASA wakamtumia Nichols kuwashawishi wanawake na watu wa rangi waombe kazi ya uanaanga. Kundi la watu 35 lililotangazwa 1978 lilikuwa na wanawake 6 na Wamarekani weusi 3. Na Mae Jemison, mwanamke mweusi wa kwanza kwenda angani, mwaka 1992, amesema wazi kwamba Uhura alimtia hamasa. Nichols alifariki Julai 2022.

Mimi nikiitazama historia hii sioni mpango wowote wa kukienzi Kiswahili. Naona tamthilia iliyokataliwa, kiti kilichoachwa wazi, na kitabu mkononi mwa mwanamke anayetafuta kazi. Kama NBC wangeikubali ile sehemu ya kwanza, huenda Uhura asingezaliwa. Neno ambalo wazee wetu walilitoa jasho na damu lilifika huko kwa bahati, tena kupitia riwaya ya Mmarekani.

Nawauliza ninyi mnaoandika filamu na tamthilia hapa kwetu: hivi katika hadithi zetu wenyewe, Kiswahili kinaishia karne ya ngapi?