Mmeelewa? Ndiyooo!

Haya wadau, leo siandiki habari za bumu wala foleni ya kafeteria. Ni historia kidogo, hasa kwa wenzangu wa Elimu tunaojiandaa kushika chaki.

Utajuaje mwanafunzi anajua maneno mangapi ya Kiingereza? Mwaka 1953 Michael West, aliyewahi kufundisha Bengal, alitoa orodha ya maneno kama 2,000 yanayotumika sana. Mwaka 1983 Paul Nation wa New Zealand akatunga mtihani wa ngazi, kuanzia maneno 2,000 ya kwanza hadi 10,000. Unaoanisha neno na maana yake, mwalimu anaona umeishia wapi.

Mwaka 1987 Paul Meara na Barbara Buxton wakaja na njia fupi zaidi: unaonyeshwa neno, unajibu tu unalijua au hulijui. Mtasema, si watu watadanganya? Hapo ndipo penye utamu! Katikati wanachomeka maneno feki, yanafanana na Kiingereza ila hayapo. Ukidai unayajua, unakatwa maksi.

Jibu la ndiyo au hapana kompyuta inalisahihisha fasta, kwa hiyo mtindo huu ukaingia kwenye intaneti kirahisi. DIALANG, mradi uliofadhiliwa na Umoja wa Ulaya, uliutumia kwa lugha 14. Mwaka 2012 ikaja LexTALE: maneno 60, na 20 kati yake feki. Dakika tano hazifiki umemaliza.

Sasa turudi kwetu. Mtoto anasoma miaka yote ya msingi kwa Kiswahili, akifika kidato cha kwanza baiolojia ni Kiingereza, jiografia Kiingereza. Mwaka 1984 Criper na Dodd waliripoti kwamba Kiingereza cha wanafunzi wengi wa sekondari Tanzania hakitoshi kusomea masomo mengine. Hata hivyo wakashauri kiendelee kufundishia!

Na sisi darasani tunauliza, "Mmeelewa?" Darasa zima, "Ndiyooo mwalimu!" Huo nao ni mtihani wa ndiyo au hapana, ila hauna neno feki hata moja, ndiyo maana wote wanafaulu. Kicheko kinaisha siku ya matokeo.

Kusema unalijua neno bado si kuweza kulitumia, hilo nakubali. Lakini kabla ya kumwita mtoto mzito wa baiolojia, tupime kwanza maneno yake. Huenda tatizo si baiolojia kabisa.

Mnasemaje walimu watarajiwa? Tuko pamoja.