Modemu ya mjomba na waya ambao haukufika

Najua nimepotea, wiki 3 nzima bila kuandika chochote. Majaribio yamefuatana na maji ya bwenini ni ya kuvizia kama swala. Leo nimepata upenyo, na kuna jambo la historia linaniwasha, ngoja nilitoe.

Limeanzia darasani. Mhadhiri alitupa swali la insha: je, intaneti ya kupiga simu ina mustakabali gani wakati intaneti ya kasi inaenea? Darasa zima kicheko. Wengi wetu hata ule mlio wake hatujawahi kuusikia. Jamaa niliyekaa naye akaandika neno moja tu, "Haina", akapata alama 2 kati ya 20. Mimi nikabaki namfikiria mjomba.

Mjomba anayo modemu. Ipo nyumbani kwetu Nyahanga, Kahama, kwenye sanduku la bati pamoja na risiti za zamani na kalenda za miaka iliyopita. Kiboksi cheusi kilichopauka, mbele kina vitaa vidogo. Nilipokuwa mdogo nilidhani ni redio mbovu.

Kwa wasiojua, kazi yake ilikuwa hivi. Modemu inageuza tarakimu za kompyuta kuwa sauti, sauti inapita kwenye waya ule ule wa shaba wa simu ya mezani, na upande wa pili modemu nyingine inairudisha kuwa tarakimu. Ule mlio wa kukwaruza ni mashine 2 zinasalimiana na kupimana: laini ni nzima kiasi gani, twende kwa kasi ipi? Ukishaingia hewani, hakuna anayeweza kukupigia. Na unalipa mara 2, kwanza mtoa huduma wa intaneti, halafu dakika za simu. Namba unayopiga ikiwa ya mji mwingine, unalipa dakika za mbali. Mjomba alikuwa Kahama, namba ilikuwa ya Mwanza.

Kasi ya juu kabisa ilikuwa kilobiti 56 kwa sekunde, kiwango kilichokubaliwa kimataifa mwaka 1998. Lakini 56 ni ya kupokea. Kutuma ilikuwa 33.6, tena laini ikiwa safi. Ishikeni hiyo namba.

Mwaka 2002 mama mdogo alikuwa amemaliza kidato cha sita, akaona tangazo la ufadhili wa masomo nje ya nchi. Maombi kwa barua pepe, na vyeti viambatishwe. Mjomba, yani kaka yake, alikuwa na kibanda cha kuchapa barua mjini, na simu ya mezani, na skana. Wateja wake walizoea utaratibu: unaandika barua yako yote kwanza bila kuunganishwa, ukimaliza ndo anapiga, anatuma, anakata haraka. Kila dakika ni hela.

Barua ya maneno matupu ilienda fasta. Vyeti ndo shughuli. Picha 3 zilikuwa na uzito wa megabaiti 3 hivi, na zikiambatishwa kwenye barua pepe huongezeka kwa theluthi moja, kwa hiyo 4. Nimekaa nimepiga hesabu: kwa kilobiti 33.6 hizo ni dakika 16 bila kukatika hata mara moja. Mjomba anasema laini yake haikuwahi kuzidi 14.4, na hapo zinakuwa dakika 37. Ikikatika dakika ya 36, unaanza upya kutoka sifuri.

Siku hiyo ilinyesha mvua, na waya wa shaba uliochakaa ukilowa, laini inajaa miungurumo. Walijaribu mara 4. Mara ya mwisho ilifika dakika ya 29, ikakata. Mjomba akagawa zile picha kwenye disketi 3, na alfajiri mama mdogo akapanda basi la Mwanza kutafuta intaneti kafe. Alizituma vizuri tu, zikaenda. Siku ya mwisho ilikuwa jana yake.

Leo anauza mchele sokoni Kahama. Hajawahi kusema ingekuwaje, na mimi sijawahi kumuuliza. Ila mwaka 2023 nilipokuwa najaza fomu ya mkopo alikuja kukaa na mimi steshenari hadi saa 6 usiku. Kila nilipopandisha cheti alikuwa anaangalia ule mstari unavyojaa, kimya, mikono kwenye mapaja.

Haya, turudi kwenye historia, maana mhadhiri anataka sababu, hataki machozi.

Jina la nchi yetu kwenye intaneti, lile .tz, lilisajiliwa mwaka 1995. Miaka iliyofuata watoa huduma kama CyberTwiga na Africa Online wakawa wanauza intaneti, na karibu biashara yote ilikuwa Dar es Salaam. Hii ya Africa Online inanifurahisha: ilianzishwa mwaka 1994 na Wakenya 3 waliokuwa wamesoma Marekani, Ayisi Makatiani, Karanja Gakuru na Amolo Ng'weno. Tatizo lilikuwa kwamba intaneti hii haiwezi kwenda mahali ambapo simu ya mezani haijafika, na simu za mezani Tanzania nzima zilikuwa chini ya laki 2. Sensa ya mwaka 2002 ilihesabu watu milioni 34.4. Gawanya mwenyewe. Ni zaidi ya watu 170 kwa laini moja, na bado ofisi na mahoteli zimejichukulia za kwao kwanza.

Mwaka 2001 serikali iliuza asilimia 35 ya TTCL kwa ubia wa MSI ya Uholanzi na Detecon ya Ujerumani, na kampuni ikapewa haki ya kutoa simu za mezani peke yake Bara hadi Februari 2005. Wazo lilikuwa kwamba ukimlinda mwekezaji, atasambaza nyaya. Lakini angalia saa: mwaka huo huo wa 2001 simu za mkononi zilikuwa zimeshazipita za mezani kwa idadi. Mobitel ilianza mwaka 1994, Vodacom ikaingia 2000, Celtel 2001. Mnara mmoja unahudumia mji mzima bila kuchimba mtaro wala kusimika nguzo elfu moja. Kufikia mwaka 2010 laini za mkononi zilikuwa zaidi ya milioni 20. Za mezani zilikuwa pale pale chini ya laki 2, na mwaka 2020 zilikuwa zimeshuka chini ya laki 1.

Hapa niseme kitu kinachonichekesha na kunikera kwa pamoja. Kwetu shaba ipo! Mgodi wa Bulyanhulu ulifunguliwa rasmi mwaka 2001, Buzwagi mwaka 2009, na vyote vilikuwa vinasafirisha makinikia yenye dhahabu, shaba na fedha. Yale makontena yaliyozuiwa bandarini mwaka 2017 nchi nzima ikasimama kuyajadili, ndani mlikuwa na shaba pia. Kwa hiyo shaba ilitoka Kahama kwa makontena kwenda ng'ambo, na shaba ya simu haikuwahi kuingia nyumbani kwetu. Huo ni utani tu, najua waya hautengenezwi hivyo. Lakini fikirieni.

Ndo maana nasema lile swali la darasani limetungwa kwa nchi nyingine. Ulaya na Marekani watu walipanda ngazi: modemu kwanza, kisha intaneti ya kasi kwenye waya ule ule wa shaba, kisha mkongo. Kila hatua ilikanyaga juu ya waya uliokuwepo. Sisi hatukuwa na hiyo ngazi. Hakuna intaneti ya kasi iliyokuja Nyahanga ikaifukuza modemu. Simu ya mkononi ndiyo iliyofika kwanza, modemu ikafa kabla ya kuzaliwa vizuri.

Na kasi yenyewe ilichelewa. Hadi katikati ya mwaka 2009 pwani yetu haikuwa na mkongo wa baharini wa kutuunganisha na dunia. Barua pepe ya kwenda nje ilibidi ipande hadi setilaiti, kilomita karibu 36,000 juu, ndo ishuke upande wa pili. SEACOM ulizinduliwa Julai 2009, EASSy ukafuata mwaka 2010, na huku ndani Mkongo wa Taifa ukaanza kujengwa mwaka 2009. Kwa sehemu ya safari yake ulitundikwa kwenye nguzo za umeme mkubwa. Nyaya zile zinapita, zinakwenda hadi mipakani. Kwenye nyumba zetu intaneti bado ni ya simu, na bado inapimwa kama dakika za mjomba, ila sasa ni bando. Aprili 2021 vifurushi vilipopanda bei kelele zilikuwa kubwa mpaka serikali ikasitisha zile bei mpya. Mama mdogo hashangai. Kwake bando likikata ni ule ule mvua wa 2002.

Sasa, mustakabali. Jibu rahisi lipo: kampuni ya AOL ya Marekani ilizima huduma yake ya kupiga simu tarehe 30 Septemba 2025, baada ya zaidi ya miaka 30. Uingereza imepanga kuzima mtandao wake wa zamani wa simu za shaba ifikapo Januari 2027. Kwisha habari, jamaa yangu alikuwa sahihi.

Lakini nilikutana na kisa cha Misri, kikanikosesha usingizi. Januari 2011, wakati wa maandamano, intaneti ilizimwa karibu nchi nzima. Simu za mezani zilibaki. Shirika dogo la Ufaransa liitwalo FDN likafungua namba ya simu mjini Paris, yeyote mwenye modemu ya zamani apige na kuingia bure. Ilikuwa pole pole, na dakika za kimataifa ni ghali, lakini watu walituma ujumbe. Kumbe kile tulichokiona ni udhaifu, kwamba intaneti ilikuwa inapanda mgongoni mwa simu, siku hiyo kilikuwa mlango wa nyuma.

Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi, nilikuwa nyumbani Nyahanga. Intaneti ilizimwa nchi nzima, na ilichukua siku kadhaa kurudi. Simu mkononi, chaji imejaa, bando limejaa, na hakuna kinachofunguka. Nilikuwa na marafiki Dar na Mwanza ambao sikujua wako hali gani. Siku ya pili nilikwenda kwenye lile sanduku la bati nikaitoa modemu, nikaishika tu. Sijui nilikuwa nategemea nini. Hata ingewaka, ningeichomeka wapi?

Hilo ndilo niliandika kwenye insha: kwamba tulipoiruka simu ya mezani tuliokoa miaka mingi na hela nyingi, na pamoja nayo tukaruka njia ya pili. Leo intaneti, simu, na pesa ya Watanzania wengi vyote vimo ndani ya kifaa kimoja na minara ile ile. Mei 2024 mikongo 2 ya baharini, SEACOM na EASSy, ilipokatika kwa pamoja, tulionja kidogo. Mhadhiri alinipa 13 na kuandika pembeni "usihubiri". Sawa mwalimu.

Jana usiku nilimpigia mjomba kumuuliza kama modemu bado ni nzima. Akacheka. Adapta iliungua siku nyingi, na laini ya kibanda ilikwisha tangu wezi walipokata waya kwenye nguzo wakauza shaba kwa kilo. Nguzo yenyewe bado imesimama. Jirani amefunga kamba, anaanikia nguo.

Haya jamani, nasikia ndoo zinagongana koridoni, maji yametoka. Nakimbia.